Serikali Nayo Huficha Maradhi

Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa taarifa kwamba mkoani Kagera kuna watu tisa wanaohisiwa kuugua homa ya virusi vya Marburg, na wanane kati yao wamekwisha kufa. Wizara ya Afya ikajibu haraka: sampuli zimepimwa, na hadi tarehe 15 hakuna aliyekutwa na virusi hivyo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan akasimama Dodoma, Mkurugenzi Mkuu wa WHO Tedros Adhanom Ghebreyesus akiwa pembeni yake, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja wa Wilaya ya Biharamulo, Kagera, amethibitika. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, hesabu ilifungwa kwa watu kumi: wawili waliothibitishwa maabara, na wanane waliohesabiwa kwa dalili zao na ukaribu wao na wagonjwa wengine. Wote kumi walikufa. Wanane walikuwa wameshazikwa kabla Tanzania haijatamka hadharani kwamba Marburg imerudi.

Hiyo kumi kwa kumi ndiyo iliyonikalisha kuandika. Marburg ni katili, lakini haimuui kila inayemshika. Mkoani humohumo Kagera, mwaka 2023, ilishika watu tisa na watatu wakapona. Rwanda, miezi michache tu kabla ya mlipuko wa Biharamulo, waliugua 66 wakafa 15. Sidhani kama virusi vya Biharamulo vilikuwa na hasira kuliko vya Kigali. Nadhani tulichelewa mno, hata tukabaki kuwatambua wagonjwa kwa makaburi yao. Na kama wapo waliougua wakapona kimyakimya vijijini, hakuna aliyewahi kufika kuwahesabu.

Sisemi kwamba wizara ilidanganya. Sampuli ya leo yaweza kutoka safi na ya kesho ikatoka na virusi, tena za watu wawili tofauti. Ninachokilalamikia ni lugha. Jibu la maabara lilisomwa kama vile linafunga mjadala, wakati watu wanane walikuwa wamekufa katika eneo moja kwa dalili zinazofanana na hakuna aliyeeleza wamekufa kwa nini. Methali yetu humsuta mficha maradhi kwamba kifo kitamuumbua. Waliotuachia methali hiyo walimfikiria mtu na mwili wake. Ofisi yenye mhuri na msemaji hawakuifikiria.

Msomaji atauliza, siku tano kati ya jibu la wizara na tangazo la Rais zina uzito gani? Kwa ugonjwa huu zina uzito wa kila kitu. Marburg haina chanjo wala dawa iliyoidhinishwa rasmi. Mtu akiambukizwa anaweza kukaa kati ya siku 2 na 21 kabla ya homa kumpanda. Silaha tulizonazo zina umri wa babu zetu: kumtambua mgonjwa, kumtenga, kuwatafuta wote waliomgusa na kuwafuatilia kwa siku 21, na kumzika marehemu bila mikono mitupu. Ndiyo maana mlipuko hauhesabiwi kuwa umekwisha mpaka zipite siku 42 tangu mgonjwa wa mwisho apone au azikwe, yaani siku 21 mara mbili. Silaha hizo zote hufanya kazi vizuri kukiwa na mgonjwa mmoja au wawili. Wakiwa ishirini katika kata tano, wafuatiliaji wanaanza kukimbizana na orodha isiyoisha, na Biharamulo ni mahali pa kuogopesha kwa hilo: malori ya Rwanda na Burundi hupita Lusahunga usiku na mchana.

Wataalamu wa afya ya jamii wana kipimo wanachokiita saba, moja, saba. Mlipuko ugundulike ndani ya siku 7, taarifa ifike kwa mamlaka ndani ya siku 1, na hatua za awali zikamilike ndani ya siku 7. Uganda ni miongoni mwa nchi zilizokichukua na kujipima nacho. Nakipenda kwa sababu kinampima mwenye ofisi, si mgonjwa. Sisi tumezoea kinyume chake. Kipindupindu kikiingia mjini, anayehojiwa wa kwanza ni mama lishe na sufuria zake, na mamlaka ya maji inahojiwa mwishoni, kama inahojiwa kabisa.

Hebu tufuate njia ambayo habari ya kifo hupita kutoka kijijini. Mama anapata homa. Nyumbani wanasema malaria, ananunuliwa dawa dukani. Homa inazidi, anatapika, anaanza kutoka damu, sasa kuna wanaosema amerogwa. Anafikishwa zahanati, ambako muuguzi mmoja anahudumia kata nzima na glavu zimekwisha. Anakufa. Wiki inayofuata anakufa dada aliyemuuguza, kisha mtoto. Hapo muuguzi anajua kwamba hii si malaria. Anampigia mganga mfawidhi wa kituo, naye anampigia mganga mkuu wa wilaya, wa wilaya kwa wa mkoa, wa mkoa kwa wizara. Katika kila ngazi hiyo kuna mtu anayejiuliza swali moja kabla ya kuinua simu: nikikosea, itakuwaje kwangu? Akipiga kelele na ikaja kuwa malaria kweli, ameleta taharuki. Akinyamaza na ikaja kuwa Marburg, atasema alikuwa anasubiri vipimo. Kunyamaza kuna kinga ya kiofisi, kusema hakuna. Mlipuko hujilimbikiza hapo, kwenye ngazi za watu waungwana wanaosubiri mwingine aseme kwanza.

Wala hofu hiyo haikuzuka yenyewe. Mwaka 2020 Tanzania ilitoa takwimu zake za mwisho za UVIKO-19, wagonjwa 509, kisha ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka. Mei Mosi ilikuwa haijapoa vizuri Rais John Magufuli alipoeleza kwamba sampuli za papai na za mbuzi zimepelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu na zimerudi zikiwa na virusi. Mkuu wa maabara hiyo akasimamishwa kazi. Vipimo vyote duniani hukosea, na kuvihoji ni haki ya kiongozi. Ila kila fundi wa maabara nchini, kuanzia Muhimbili hadi hospitali ya wilaya iliyo mbali kuliko zote, alipata somo siku ile kwamba jibu la maabara linaweza kukugharimu kazi. Kamati aliyoiunda Rais Samia mwaka 2021, na chanjo aliyochomwa mbele ya kamera Julai mwaka huohuo, vilirudisha takwimu. Kurudisha ujasiri wa fundi wa maabara huchukua muda mrefu zaidi.

Na tuna mfano wetu wenyewe wa kufanya vizuri, tena Kagera hiyohiyo. Mapema mwaka 2023, katika Wilaya ya Bukoba, watu walianza kufa katika kata za Maruku na Kanyangereko. Tarehe 16 Machi Mganga Mkuu wa Serikali, Profesa Tumaini Nagu, alitangaza kwamba kuna ugonjwa usiojulikana, watu wamekufa, na wataalamu wamekwenda. Jina la ugonjwa halikuwapo bado. Siku tano baadaye Waziri Ummy Mwalimu akaja na jina: Marburg, wagonjwa wanane, vifo vitano, watu 161 waliotangamana nao wakifuatiliwa. Tangu siku ile aliongezeka mgonjwa mmoja tu, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Tangazo lile la tarehe 16 ndilo ninalolitaka lifundishwe vyuoni. Serikali ilikubali kusimama mbele ya wananchi ikiwa haijui. Ofisi zetu huona hiyo ni aibu, lakini kwa mtu aliyeko Maruku mwenye mgonjwa ndani, kuambiwa "hatujajua ni nini, msiwaguse wagonjwa, tuiteni" kunatosha kabisa kuokoa nyumba. Ni mkoa uleule, ugonjwa uleule, na kati ya milipuko hiyo miwili haikupita hata miaka miwili. Sera haikuwa imebadilika. Aliyebadilika ni nani?

Uganda walilijua hili miaka mingi nyuma, na walililipia. Oktoba 2000 wanafunzi wa uuguzi walianza kufa katika hospitali ya Lacor, Gulu. Daktari Matthew Lukwiya, aliyekuwa Kampala akisoma shahada ya afya ya jamii, aliitwa arudi. Alipitia mafaili ya wagonjwa, akasoma vitabu usiku, akahisi ni Ebola. Hakungoja maabara ya Afrika Kusini imjibu. Alifungua wodi ya kutengea wagonjwa, akawavalisha wauguzi nguo za kinga, akapiga simu wizarani moja kwa moja bila kupita ngazi. Majibu yalipokuja wodi ilikuwa inafanya kazi tayari. Katika mlipuko ule waliugua watu 425 na kufa 224, na yeye mwenyewe alikufa tarehe 5 Desemba mwaka ule. Wapo wanaomsimulia kama shujaa aliyejitoa, na ni kweli. Mimi huwa nawaza zaidi ile simu. Je, daktari wa hospitali ya misheni leo, Tanzania au Kenya, akipiga simu kama ile, atapokelewa vipi na aliyerukwa?

Lazima tuwe waadilifu kwa serikali pia, kwa kuwa ukweli una bei na dunia haipendi kuilipa. Tarehe 25 Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini walitangaza aina mpya ya kirusi cha korona, ile iliyokuja kuitwa Omicron. Shukrani waliyopata ni kufungiwa ndege. Uingereza ilianza kuzizuia ndege zao karibu saa ileile, nchi nyingi zikafuata, na jirani wasiohusika kabisa wakaunganishwa humohumo. Siku chache baadaye Uholanzi ikagundua kwamba kirusi hicho kilikuwa tayari kwenye sampuli zake za tarehe 19 Novemba. Aliyesema akaadhibiwa; aliyekuwa nacho bila kujua akaendelea kupokea watalii. Waziri yeyote anayetegemea watalii wa Arusha, Zanzibar au Mombasa, aliyeona lile, anajua kwamba neno moja la tahadhari linaweza kumwaga kapu zima la msimu. Kanuni za Kimataifa za Afya za mwaka 2005 zinaitaka nchi iijulishe WHO ndani ya saa 24 baada ya kutathmini tukio zito; hazimlipi fidia aliyejulisha. Umoja wa Afrika una kazi ya kufanya hapo, na tusijidanganye kwamba wazungu wataifanya kwa niaba yetu. Hata sisi wenyewe tuna tabia hiyohiyo: ugonjwa ukitajwa nchi jirani, mpaka unafungwa kwanza, maswali baadaye.

Lakini bei ya kuficha ni kubwa zaidi, na Rwanda imetuonyesha. Serikali yake haina sifa ya kupenda waandishi wadadisi, kwa hiyo siitoi Kigali kuwa mfano kwa sababu ya uhuru wa maoni. Na haikuanza vizuri: walioambukizwa wengi walikuwa wahudumu wa afya, maana yake ugonjwa ulitembea wodini kwa muda kabla hajatokea wa kuutambua. Ila tarehe 27 Septemba 2024 walipotangaza, walitangaza kila kitu. Waziri Sabin Nsanzimana alikuwa akitoa idadi za waliopimwa, waliopona na waliokufa, tena na tena, mpaka uvumi ukakosa chakula. Kwa kuwa walikuwa wamesema, misaada ilikuwa na mahali pa kutua. Chanjo ya majaribio kutoka taasisi ya Sabin ya Marekani (majina yamegongana tu na la waziri) iliingia nchini, na tarehe 6 Oktoba watu wa kwanza wakachomwa, siku tisa tangu tangazo. Zaidi ya 1,700 walichanjwa hatimaye. Wagonjwa wawili waliokuwa wakipumulia mashine walitolewa mashine wakiwa hai, jambo ambalo WHO ilisema halijawahi kutokea Afrika kwa Marburg. Wachunguzi wakarudi nyuma hadi kwenye pango la machimbo lenye popo wala matunda. Tarehe 20 Desemba mlipuko ukafungwa, na ndege zikaendelea kutua Kigali.

Kuna wanaodhani ukweli wa serikali peke yake unatosha. Waende Kivu Kaskazini. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni, ulidumu hadi Juni 2020, watu 3,470 wakaugua, 2,287 wakafa. Na ilikuwapo chanjo! Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Wataalamu walijaa, magari yalijaa, fedha zilijaa. Kilichokosekana ni imani, na kukosekana kwake kuna historia. Kabla ya tangazo, wahudumu wa afya wa eneo lile walikuwa wamegoma kwa kutolipwa, kwa hiyo vifo vya mwanzo havikuwa na wa kuviandika. Watu wa Beni walikuwa wamechinjwa na waasi tangu 2014 na hawakuona misafara ya magari meupe ikija kuwaokoa. Ilipokuja Ebola, misafara ikaja. Wakauliza kwa Kiswahili chao, swali la haki kabisa: mbona kifo hiki kina wageni na vile havikuwa nao? Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola, wakati sehemu nyingine za nchi zinapiga kura. Baada ya hapo, nani angewaambia kwamba ugonjwa si siasa? Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa Cameroon, aliyetumwa na WHO, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali Butembo. Na waliosema Ebola ni biashara hawakuwa wajinga kabisa, kwani aliyekuwa waziri wa afya, Oly Ilunga, alikuja kuhukumiwa kifungo kwa kufuja fedha za mapambano hayohayo.

Mambo yalianza kulegea pale waliohusika walipoacha kuamuru. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyeiona Ebola tangu Yambuku mwaka 1976, alikabidhiwa uongozi katikati ya 2019. Vituo vya matibabu viliweka vyumba vya plastiki angavu ili ndugu amwone mgonjwa wake, azungumze naye, ajue hajaibiwa figo. Waliopona waliajiriwa kuwalea watoto ambao mama zao walikuwa wodini, kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga. Mazishi yakaruhusu familia kuwapo, kusali na kutupia udongo, bila kuugusa mwili. Kwa watu wa pwani na wa bara vilevile, maiti kutooshwa na nduguze ni msiba juu ya msiba. Shehe au padri aliyeelezwa mapema atalitafutia njia, aliyevamiwa na polisi makaburini hatalitafuta.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nchi izuieje mlipuko, sitaanza na barakoa wala amri ya kutotoka nje. Uganda mwaka 2022 ilizifungia wilaya za Mubende na Kassanda wiki kadhaa baada ya Ebola kutangazwa, na wakati huo wagonjwa walikwisha kufika Kampala. Ningeanza na kumlipa mtu wa kijijini anayejua ni nyumba gani ina homa. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Kenya iliwatuma wake zaidi ya 100,000 mwaka 2023, wakiwa na mikoba ya vifaa na posho inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Hiyo ni mipango mizuri kuliko hospitali yoyote ya ghorofa, iwapo posho itafika. Posho ikichelewa miezi mitatu, tumeirudia Mangina.

Pili, kila mlipuko ukiisha, Wizara ichapishe tarehe tatu: siku aliyougua mtu wa kwanza, siku sampuli ya kwanza ilipoondoka kijijini, na siku wananchi walipoambiwa. Basi. Haihitaji tume. Wabunge wa kamati ya afya wakiwa na tarehe hizo mezani watajua pa kuuliza, na mganga mkuu wa wilaya atajua kwamba kusubiri nako kunaandikwa. Mlipuko wa Biharamulo, mgonjwa wake wa kwanza aliyejulikana aliugua Desemba 2024. Mwenye kujua hesabu ataona nafasi iliyopo hadi tarehe 20 Januari. Maabara hamishika ya Kabaile, mkoani Kagera, iliyogundua mgonjwa yule kabla ya Dar es Salaam kuthibitisha, ni ushahidi kwamba sampuli haina haja ya kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja ili ukweli uanze. Kanda zote za mipakani zinastahili yake.

Tatu, na hapa ndipo bajeti zetu hunyamaza: aliyewekwa karantini ale. Mkulima wa migomba anapoambiwa akae ndani siku 21 kwa sababu alimuuguza shemeji yake, anatakiwa kuacha shamba, mbuzi na kibarua kwa faida ya watu asiowajua. Uganda mwaka 2022 kuna waliotoroka karantini wakakimbilia mjini, na tukawaita wakaidi. Mtu huyo anahitaji unga, maharage, sukari, sabuni, vocha ya simu ili ajulishe hali yake kila siku, na jirani aliyelipwa kumkatia majani ng'ombe wake. Fedha za dharura za maafa zipo kwenye vitabu vya Serikali kila mwaka. Ningependa kuona ndani yake mstari mmoja wenye maneno "chakula cha kaya zilizotengwa", ukiwa na kiasi kilichoandikwa pembeni yake, na fedha hiyo ikiwa tayari halmashauri kabla ya homa ya kwanza.